Tulivyolikata Paa Matisi

Juzi hapa Bungoma jirani yangu alikuwa akiezeka nyumba upya. Fundi alikuwa juu akikata mabati kwa mashine, na harufu ikaingia jikoni kwangu kupitia dirishani: harufu ya bati lililopata moto, chungu kidogo, inayokaa kooni, imechanganyika na ile ya mbao mbichi. Nilisimama na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, naikumbuka ploti ya Matisi, kule Kitale nilikolelewa. Akacheka, maana hadithi hii ameshaisikia, na kila nikiisimulia yeye humaliza kwa kusema, "Kwa ufupi, mlifukuzwa." Leo naiandika yote, ili anayetaka kubisha abishe akiwa ameisoma.

Wenzangu mliolelewa kwenye ploti hamhitaji maelezo mengi. Vyumba vinane kwenye mstari mmoja, milango inatazama uani, kamba za nguo zinakatiza kila upande, na juu ya vyote paa moja refu la mabati kutoka langoni hadi mwisho. Kati ya chumba cha saba na cha nane palikuwa na kichochoro cha kwendea choo na bafu zilizokuwa nyuma. Kichochoro nacho kilifunikwa na paa lilelile, na mvua ikinyesha watoto wote tulikimbilia hapo kuruka kamba. Sisi tulikaa namba tatu: Baba, Mama, mdogo wangu Wafula na mimi. Asubuhi Mama alikunja godoro letu na kulisukuma chini ya kitanda chao, chumba kikawa sebule. Jioni jiko liliingizwa ndani, kikawa jiko. Usiku shuka lilishushwa katikati, kikawa vyumba viwili vya kulala. Nyumba yetu ilihama mara kadhaa kwa siku bila kutoka mahali pake.

Mwenye Ploti aliishi Kiminini na alikuja kila Jumamosi. Alikuwa mtu wa kuongea polepole, kofia haitoki kichwani, na sheria zake alizirudia kama anayefundisha katekisimu. Kila mlango ni nyumba. Nyumba moja, watu wanne. Na nyumba haiguswi, hata msumari. Kalenda yetu haikuwahi kutundikwa ukutani, ilikaa imelala juu ya kabati, na kujua tarehe ulipanda kiti. Mama mmoja wa namba tano alipojifungua pacha wakawa watano, akampeleka kifungua mimba wake mashambani, mahali paitwapo Kwanza, akalelewe na bibi yake. Mtoto yule tulikuwa tukicheza naye. Alifungiwa nguo zake kwenye mfuko wa karatasi na kuondoka, na hakuna mtu mzima aliyesema neno. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, tena nakasirika zaidi kwa ule unyamavu kuliko kwa ile sheria.

Mtauliza kwa nini hatukuhama. Baba alifanya kazi poshomili, akirudi jioni mweupe kutoka nywele hadi kope, na mshahara wa kusaga unga ulitosha mlango mmoja. Mlango wa pili hatukuuweza. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu pale, na ndiyo maana Mwenye Ploti hakuhitaji kupaza sauti.

Sasa nije kwa Kukhu. Huyo ni bibi yangu, mama yake Mama, aliyeishi peke yake Chwele, upande wa Bungoma. Kwa sisi Wabukusu mkwe na mama mkwe hawachezi. Hawashikani mikono, hawali meza moja, mmoja hakalii kitanda cha mwenzake, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hata kuwe na mafuriko. Tulipomtembelea Chwele, Baba alibaki barabarani na baiskeli. Kukhu akisikia kengele alijifunika leso usoni na kuzunguka nyuma ya migomba, mpaka ahakikishe Baba ameshageuka. Kisha ndipo alipotoka kutukumbatia.

Hakuna aliyenieleza sababu, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Macho ya Kukhu yalikuwa yameanza kuingia ukungu mweupe, kila tukienda ulikuwa umeongezeka. Nikaona ni wazi kabisa: kuna siku aliwahi kumwona Baba bila leso, pengine siku ya harusi, na Baba akamharibu macho. Nilimpenda sana baba yangu. Nilijua hakukusudia. Lakini nilianza kumchunguza usoni akiwa anakula, nikijiuliza ni sehemu gani hasa iliyo na hiyo nguvu, na kwa nini sisi wengine haitudhuru.

Ukungu ule ulipofunga macho yote mawili, habari ikaja kwamba madaktari wa macho wako Kitale na wanapasua mtoto wa jicho. Jicho moja kwanza, wiki kadhaa za dawa, halafu la pili. Mama alikuwa mtoto pekee wa Kukhu aliyebaki hai. Hapakuwa na mjomba wa kumpokea, hapakuwa na dada. Akaenda Chwele, akamleta.

Nakumbuka Kukhu alivyosimama langoni, ameshika fimbo na mfuko wa viazi vitamu, uso ameuinua kama anayesikiliza. Mama alikuwa amepanga kila kitu. Baba angelala poshomili kwenye stoo ya magunia, Kukhu angelala nasi, na idadi ingebaki watu wanne. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeipatia sheria dawa yake.

"Karibu ndani, Mama."

Kukhu hakuinua mguu. "Hii paa ni ya nani?"

"Ni ya ploti."

"Mkwe analalanga chini yake?"

"Hayuko. Amehamia kazini mpaka upone."

"Hata akienda Kampala. Paa yake si iko hapa? Mimi siwezi lala chini ya paa ya mkwe. Nikifa leo, watu wa Chwele watazika mtu wa aina gani?"

Mama akaanza kumweleza kwamba mambo ya taoni ni tofauti, kwamba huku kila mlango ni nyumba, na Mama Chebet wa namba nane, jirani yetu mwuza maziwa kutoka mlimani, alikuwa tayari kumlaza chumbani kwake, mbali kabisa na namba tatu. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akagonga nguzo ya lango kwa fimbo.

"Wewe umeona wapi nyumba nane na paa moja? Hii ni nyumba moja iko na milango mingi. Ni mtu alidanganya nyinyi."

Mimi mtoto nilikubaliana na Kukhu mara moja. Mtu yeyote akiitazama ploti ile kutoka barabarani angeona nyumba moja ndefu. Ni sisi tuliofundishwa kuona nyumba nane.

Basi akalala kwenye kibanda cha mama mwuza makaa, ng'ambo ya barabara, juu ya magunia, mpaka siku ya upasuaji. Wapangaji walipita wakitikisa vichwa. Wengine walisema mzee ni mkaidi, ati anachagua mila kuliko macho. Mama hakumjibu mtu. Alivuka barabara asubuhi na chai, mchana na ugali, jioni na maji ya moto, na kila akirudi nguo zake zilikuwa na vumbi jeusi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kukhu akatoka na kitambaa kikubwa cheupe jichoni, na nesi akatufuata hadi nje kwenye benchi.

"Mama yenu analala wapi?"

Mama akainamisha kichwa. Nikajibu mimi, "Kwa makaa."

Nesi alimgeukia Mama. "Makaa? Sikiliza, mum. Vumbi hapana, moshi hapana. Hilo jicho likiingiwa na uchafu saa hii, limekwenda, na hatutalirudisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Tulirudi Matisi kwa miguu, polepole, Kukhu katikati yetu. Njiani akasema, "Nirudisheni tu Chwele."

"Chwele ukae na nani?" Mama akasema. "Dawa utawekewa na kuku? Na kuni zako zinatoa moshi ama zinatoa nini?"

"Basi nitakuwa kipofu. Si mimi wa kwanza."

Mama alisimama katikati ya njia. Nilidhani analia, nikamtazama, lakini hakuwa analia. Alikuwa ameuma meno. Tangu siku hiyo nimemwona Mama akiwa na uso ule mara chache sana, na kila mara kuna mtu aliyejuta.

Tulipofika alimkalisha Kukhu langoni kwenye kiti, akaingia uani moja kwa moja mpaka kwenye kichochoro, kati ya chumba cha saba na cha nane. Akatazama juu. Akatazama muda mrefu, huku Mama Chebet akimtazama yeye. Kisha akaita mlangoni pa namba saba, ambako fundi Barasa, seremala, alikuwa akipumzika.

"Barasa, nipe nyundo ya kung'olea misumari. Na ngazi."

"Ya nini, Mama Nekesa?"

"Nataka kuondoa haya mabati ya kichochoro. Nikiyaondoa, namba nane itakuwa na paa yake peke yake. Mama atalala huko."

Nekesa ndiye mimi. Barasa alicheka kwanza, halafu akaacha. "Si utatufukuzisha, bana! Mwenye Ploti hataki hata msumari."

"Kwani nimesema naweka msumari? Nang'oa."

Habari ilishafika kila mlango, na wanawake wakatoka. Sasa likazuka jambo jingine. Barasa hakutaka kupanda, akiiogopa Jumamosi, na mwanaume mwingine hakuwepo saa ile. Mama akaishika ngazi mwenyewe. Yule mama wa pacha akapiga kelele, kwa kuwa kwetu mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba ya mume wake. Ni mwiko, tena mwiko mkubwa. Anamwitia mauti.

"Mama Nekesa, shuka! Unataka kuua Baba Nekesa?"

Mama alikuwa kwenye kidato cha tatu, leso ameifunga kiunoni. Aligeuza shingo.

"Hii ni nyumba ya bwana yangu?"

"Si… ni ya Mwenye Ploti."

"Basi laana ataichukua yeye. Aende nayo Kiminini."

Nimesikia watu wengi wakihutubia katika maisha yangu, wengine wamesomea hiyo kazi. Sijasikia hotuba iliyonikaa kama ile. Mama Chebet akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mama wa pacha naye akacheka, akaja kushikilia ngazi.

Msumari wa kwanza ulilia vibaya kutoka kwenye bati. Baada ya huo wengine walitoka kwa urahisi. Bati moja likashuka, wanawake wakalipokea kwa mikono na kuliegemeza ukutani. Likafuata la pili, mwanga ukaingia kwenye kichochoro ambacho tangu nizaliwe nilikijua kuwa na giza, na nikaona kuta zake zina rangi ya kijani. Lilipobaki bati la mwisho, Barasa akashindwa kuvumilia. Akapanda upande wa pili akalalamika kwamba Mama anakunja mabati ya watu, heri ayang'oe mtu anayejua.

Kukhu akaletwa, akashikwa mkono hadi chini ya pengo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alisimama, akahisi tone kwenye shavu, akainua kiganja. Halafu akainua fimbo yake, akaisukuma juu kwa urefu wote wa mkono, akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia. Fimbo ikagonga kitu.

"Hii ni nini?"

"Mbao, Mama. Ni mbao tu ya kushikilia paa."

"Imeshika hii na ile?"

Mama akatazama juu, akaona imeshika.

"Basi bado ni nyumba moja."

Barasa alimtazama Mama, Mama akamtazama Barasa. Barasa akashuka akaleta msumeno. Akakata mbao ya kwanza akinung'unika, ya pili akiwa kimya, na ya mwisho akiimba wimbo wa kanisani. Kukhu akaipitisha tena fimbo. Haikugusa kitu. Akaitikia kwa kichwa, akasema asante kwa Kibukusu, akageuka kuingia namba nane, na Mama Chebet akampangusia miguu.

Kesho yake hospitalini kitambaa kiliondolewa. Kukhu alipepesa lile jicho, likatoa machozi, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake. Kisha akamtazama Mama kwa muda.

"Umezeeka, mwanangu."

"Ni Matisi," Mama akasema, akaangua kicheko na kilio kwa pamoja.

Mimi sikucheka. Wote walifurahi, na ni mimi tu niliyejua hatari iliyokuwa inatungoja. Jioni Baba angepita ploti kubadilisha nguo. Nilikaa kwenye kizingiti cha namba nane na leso ya Mama mapajani, nikilinda. Jua likiwa linashuka, Baba akaingia langoni mweupe kwa unga, akaelekea namba tatu bila kutazama upande wetu. Na Kukhu wakati huohuo akatokeza mlangoni kuota jua. Nikaruka. Nikamfunika kichwa chote kwa leso, nikapiga yowe, "Usimwangalie! Utapofuka tena!"

Mama alikuja mbio akidhani nimemchoma jicho. Nilipoulizwa, nikalia na kusema yote: migomba, kengele ya baiskeli, uso wa Baba. Kukhu alijitoa kwenye leso taratibu. Alikuwa akicheka kwa ndani, mabega yakitikisika.

"Nani alikuambia baba yako aliniharibu macho? Haya ni ya uzee, mtoto wangu. Baba yako simwogopi."

"Mbona unajificha?"

"Ninamuachia nafasi. Alichukua binti yangu akamuweka vizuri. Sasa mimi na yeye tunaachiana nafasi. Mtu unayemheshimu, humkanyagi kanyagi."

Ile hofu yangu iliisha papo hapo, na nikajiona mjinga. Maneno yake nilikuja kuyaelewa nilipokuwa mtu mzima mwenye mkataba wa nyumba mkononi. Watu wakisema mila zinakufa mjini, husema kana kwamba sisi tumezichoka. Hatujazichoka. Heshima ya Kukhu ilihitaji uwanja, migomba, na nyumba mbili, na sisi tulikuwa na mlango mmoja. Anayepanga ukubwa wa chumba chako amekupangia pia utamlaza nani, utamficha nani, na mtoto gani atatumwa Kwanza na mfuko wa karatasi. Nani alimpa kazi hiyo? Mimi sikumpa, na Mama hakumpa.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwenye Ploti aliingia na kofia yake, akapita chini ya upenu kwenda chooni kama kawaida yake, na kichochoroni akanyeshewa. Alirudi uani maji yakimtiririka mabegani.

"Nani ameharibu nyumba yangu?"

Barasa alitazama viatu vyake. Mama aliacha kufua pale chini ya upenu, akajipangusa mikono.

"Ni mimi."

"Wewe ulipanda juu?"

"Nilipanda." Akamweleza yote bila kupunguza: jicho, makaa, ukwe, paa. Hakuomba radhi. Alimwomba jambo moja tu, kwamba pengo libaki mpaka jicho la pili lipasuliwe, kisha Barasa atarudisha kila kitu, na misumari mipya.

Mwenye Ploti alikuwa Mbukusu kama sisi. Nilimwona akielewa. Jambo hilo lilipita usoni mwake, nikalitambua hata mimi. Kisha akaliondoa.

"Mimi pia niko na mama mkwe. Lakini hayo ni mambo ya nyumbani. Hapa ni biashara. Nikiachia wewe ukate paa, kesho huyu atatoboa ukuta. Paa irudi leo leo, ama mtoke leo leo. Chagua."

Alikuwa amekuja na fundi wake wa Kiminini kwa kazi nyingine, akamwambia atafute ngazi. Nadhani alingoja Mama apige magoti. Wengi walikuwa wamewahi kupiga magoti pale uani, na wengine ambao hawakupiga walirudi jioni wakakuta mlango umeng'olewa. Paa likirudi, Kukhu angerudi kwenye makaa, au Chwele kwenye moshi, na lile jicho lililofunguka lingefunga. Sote tulilijua hilo. Mama aliniambia nikimbie poshomili nimwite Baba.

Baba alikuja bila kunawa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya Mwenye Ploti alipunguza hata hayo. Alisikiliza pande zote mbili, akakuna kidevu, unga ukadondoka.

"Mzee, tukitoka sisi, hii paa itakuwa ya nani?"

"Swali gani hilo? Yangu."

"Si yangu tena?"

"Ilikuwa yako lini?"

"Basi," Baba akasema. Akaingia namba tatu, akaanza kukunja godoro.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona akishika mdomo. Tukihama, chini ya paa lile Kukhu hatakuwa na mkwe yeyote. Lirudishwe, lipigiliwe misumari hata mia, Kukhu angelala namba nane bila aibu mpaka apone. Mwenye Ploti alituletea adhabu, na Baba aliipokea kama mzigo wake mwenyewe aliosahau langoni.

"Na huyo mzee wa namba nane?" Mwenye Ploti akauliza, akianza kuhisi kuna kitu kimemponyoka.

Mama Chebet alikuwa akikung'uta madebe yake ya maziwa. "Ni mgeni yangu. Mimi, Chebet na yeye, tuko watatu. Si wewe husema wanne? Bado niko na nafasi ya mtu moja. Unataka kuingia?"

Ua mzima ukacheka. Hata yule fundi wa Kiminini alicheka, akageuka haraka kutazama ngazi.

Tulihamia stoo ya poshomili, ambako mwenye mashine alimruhusu Baba alinde magunia usiku. Tulilala juu ya mahindi ya watu. Unga uliingia masikioni, panya walitupita miguuni, na Wafula alikohoa mpaka Mama akaogopa. Sitaki kuipamba. Ilikuwa shida. Lakini kila asubuhi Mama alivuka kwenda Matisi kumwekea mama yake dawa, jicho la pili likapasuliwa likafunguka, na Kukhu alirudi Chwele akiona mpaka mlima. Sisi tulipata chumba kingine baadaye, cha udongo, upande wa barabara ya kwenda Kwanza. Mtu aliyefukuzwa huondoka kwa sababu ya aliyemfukuza. Sisi tuliondoka kwa sababu ya Kukhu, tukijua tunakokwenda na tunamwacha nani nyuma. Mume wangu na asome hapo mara mbili.

Nimeruka kidogo, nirudi kwenye Jumamosi ile. Vitu vyetu vilikuwa vichache na mikono ilikuwa mingi. Mama wa pacha alichukua sufuria, Barasa akabeba kabati mgongoni, Baba godoro kichwani, nami nikamshika Wafula. Fundi alikuwa juu tayari, akipigilia bati la kwanza. Mwenye Ploti, hasira ikiwa bado inamtafuta mtu, akaelekea namba nane kukagua kama kuta za ndani zimelowa. Alikuwa na desturi ya kuingia vyumbani mwa watu hivyohivyo, mguu mbele, kofia kichwani.

Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amempa Baba mgongo ili apite kwa heshima. Aliweka fimbo yake katikati ya mlango, kutoka mwimo hadi mwimo.

"Wewe kijana, unaenda wapi?"

"Nakagua nyumba yangu, mama."

"Ati kila mlango hapa ni nyumba?"

"Ndiyo. Ni nyumba."

"Na hii analipa nani?"

Mwenye Ploti alimtazama Mama Chebet.

"Basi kuja kama watu wanavyokuja kwa nyumba ya mtu."

Nyundo ilinyamaza juu ya paa. Sote tulisimama na mizigo yetu vichwani. Alitazama nyuma, akatuona. Nilidhani ataipiga ile fimbo teke. Lakini lile jicho moja jipya la Kukhu lilikuwa limemkazia, na yeye, jinsi alivyolelewa na mama yake huko kwao, mkono ukaenda wenyewe kichwani ukavua kofia.

"Hodi," akasema.

"Sijasikia."

"Hodi, mama."

Kukhu akageuza kichwa chumbani. "Mama Chebet, kuna mtu hapa mlangoni. Tumkaribishe, ama asimame kwanza?"

Mama akaanza kucheka, akasukuma lango kwa nyonga kwa kuwa mikono ilikuwa na mzigo, na sisi tukamfuata. Tuliondoka kabla hajajibiwa.